Bibi Shamba Aliyeng'oa Mistari

Karatasi ilikuwa imefungia matobolwa. Nilikwenda kwa jirani yangu kuazima toroli, na kwa kuwa nyumbani kwake mtu hatoki mikono mitupu, akanifungia viazi vyake vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, nikaondoka natafuna. Nilipofika kiazi cha nne nikaona kilichoandikwa kwenye karatasi. Nikaacha kutafuna. Nakumbuka kipande kilibaki shavuni mpaka kikalainika chenyewe.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika sekondari moja hapa Bariadi, kwa hiyo msimbo wa kompyuta naujua nikiuona. Nilitegemea kukuta hesabu za mbolea au barua ya kikundi cha akina mama. Nilichokuta ni kurasa mbili za kiini cha mfumo endeshi, ule mfumo wa bure ambao mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuufungua na kuusoma. Kiini ndicho kinachokaa katikati ya mashine na programu zake. Simu ikitaka kulia, kompyuta ikitaka kuhifadhi faili, lazima ipite pale kwanza. Watu wanaokigusa kiini nilidhani wako Ulaya na Marekani, wanavaa miwani minene na hawajui kiazi. Sasa juu ya karatasi ile, kwa kalamu nyekundu, mkono wa jirani yangu mstaafu ulikuwa umekata mistari kumi na moja na kuandika pembeni: "Imekufa. Hakuna anayeiita."

Nilisahau toroli. Nilirudi mbio hadi uani kwake, nikamkuta anapepeta choroko.

"Mayo," nikamwita, kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma, "karatasi hii umeitoa wapi?"

"Kwenye printa," akasema, kama mtu aliyeulizwa chumvi ameitoa wapi. "Nimeshamaliza nayo. Kwani viazi vimeharibika?"

Mtaa mzima ulimwita Bibi Shamba, nami nitamwita hivyohivyo. Kabla ya kustaafu alikuwa afisa kilimo, mmoja wa wale wanawake wachache waliopewa pikipiki na kutumwa vijijini kwa wakulima wa pamba. Sitasema kwao ni wapi wala baba yake alikuwa nani. Yeye mwenyewe ukimuuliza alijibu kwamba hayo ni ya kuzungumza msibani, na hajafa bado. Nitasema nilichokiona kwa miaka tisa ya ujirani, na karibu kila nilichokiona kiliniacha mdomo wazi. Ila jambo moja nalitanguliza, msomaji asije akadhani nasifu tu. Jina la mama huyu lilikuwa kwenye orodha ya walezi wa kiini, yaani wale wanaoaminiwa kusema hiki kimekufa king'olewe, na hiki kiko hai kiachwe. Na mimi niliyekuwa nakula viazi vyake ndiye niliyeombwa kuliondoa jina hilo.

Asiyelima pamba hawezi kumwelewa. Pamba ikishavunwa, miti yake, tunayoiita masalia, hubaki imesimama shambani, mikavu, haina kazi tena. Sheria inataka ing'olewe yote na ichomwe kufikia mwezi wa tisa, kabla ya msimu mpya, kwa sababu wadudu wanajificha humo wakisubiri pamba changa. Mkulima analijua hilo vizuri. Lakini mgongo unauma, ameshauza, na anajiambia labda ikinyesha itachipua avune bila jasho. Kazi ya Bibi Shamba ilikuwa kupita shamba kwa shamba akisema ng'oa. Baba yangu, ambaye analima Mwamanyili, ananisimulia kwamba wanaume wazima walikuwa wakiisikia pikipiki yake wanaingia ndani na kujifunika blanketi. Mmoja alijifanya mgonjwa siku tatu. Siku ya tatu Bibi Shamba akaingia hadi chumbani, akamshika paji la uso mbele ya mkewe, akasema, "Homa huna. Masalia unayo." Mgonjwa akainuka akachukua jembe.

Kompyuta aliikuta ofisini, imeachwa na mradi uliokwisha. Ilichukua muda mrefu kuwaka kuliko trekta lililolala baridini, na wenzake waliifunika kitambaa cha kufumwa wakaweka juu yake kalenda. Yeye akataka kujua kinachoilemea. Fundi aliyekuja kuitazama akaiwekea ule mfumo wa bure, na akamwambia kwa kupita tu kwamba huu, mama, ukitaka unaweza kuufungua ukausoma wote. Maskini, hakujua anaongea na nani. Bibi Shamba akaanza kuusoma wote.

Ilimchukua miaka. Alikuwa na Kiingereza cha ripoti za ofisini, kamusi iliyopoteza jalada, na ukaidi. Aliniambia mwanzoni hakuelewa chochote, ila alianza kona moja akaenda mstari kwa mstari kama anakagua shamba, na baada ya muda akaona kitu alichokifahamu.

"Nilikuta mistari ya watu walioondoka zamani," alisema. "Imesimama tu. Mwenyewe kahama, kazi imekwisha, mstari uko palepale. Nikasema, eh, kumbe hawa nao hawang'oi."

Kiraka chake cha kwanza kilikuwa cha kuondoa mstari mmoja. Kiraka ndilo jina tunalolitumia kwa badiliko dogo unaloliandika na kulituma kwa barua pepe. Walezi wanalisoma, wanalikataa au wanalipokea, na likipokelewa linaingia kwenye kiini pamoja na jina lako. Yeye alikuwa ameona faili moja linaitwa mara mbili mahali pamoja. "Ni kama kumwalika mtu mara mbili kwenye kikao kilekile," alisema. "Atakuja mara moja tu." Wakakipokea. Akatuma kingine. Walipoanza kumwandikia walimwita Bwana, wakidhani ni mwanamume, na hakuwasahihisha hata siku moja. Nilipomuuliza sababu, akacheka.

"Wakijua mimi ni bibi, wataanza kunisaidia."

Alisoma msimbo kwenye karatasi kwa ajili ya macho, na karatasi zenyewe zilikuwa migongo ya vipeperushi vya zamani vya wizara. Ukigeuza ukurasa wenye msimbo mgumu kuliko yote unakutana na picha ya funza wa vitumba vya pamba, mkubwa, wa kijani, anakutazama. Nilishtuka kila mara. Yeye alisema funza anamkumbusha yuko kazini. Alituma viraka asubuhi tu, akishakunywa uji, kwa sababu aliamini kiraka cha jioni kina usingizi ndani yake. Na alikuwa na misemo ambayo hadi leo nawatupia wanafunzi wangu kama ya kwangu. Mmoja ulikuwa huu: "Mstari usio na kazi haukai bure, unasomwa." Maana yake ni kwamba atakuja mtu kesho ausome, adhani una jambo, na apoteze asubuhi yake kuutafutia maana. Bibi Shamba alikasirika kwa niaba ya huyo mtu wa kesho kuliko nilivyowahi kumwona akikasirika kwa niaba yake mwenyewe.

Sasa ingia nyumbani kwake. Mwanamke huyu aliyefuta mistari ya wageni bila kupepesa macho hakutupa hata kizibo. Kulikuwa na redio tatu zisizosema, vifuniko vya sufuria ambavyo sufuria zake zilishatoboka, jembe la plau lililovunjika nyuma ya mlango, na ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Binti yake, ambaye ni muuguzi na anaishi naye, aliwahi kujaribu kusafisha chumba kimoja mama akiwa kanisani. Ibada iliisha mapema. Binti anasema alisemwa mpaka akarudisha hata mifuko ya nailoni. Siku moja nikapata ujasiri nikamuuliza, mayo, mbona ya kompyuta unang'oa na ya ndani unayalea?

"Ya ndani yananilemea mimi," akajibu. "Yale yanawalemea watu wote." Kisha akanitwanga swali kama nimekuja kukagua au kunywa chai.

Kuna kitu alichonifanyia ambacho lazima nikiseme. Nami nilijitosa, nikaandika kazi ndogo, yaani kipande cha msimbo chenye jukumu moja, ya mistari kumi na tisa, nikaituma, ikapokelewa. Jina langu likaingia kwenye kiini. Mkuu wa shule akatangaza mstarini mbele ya wanafunzi wote, na baba akachinja kondoo kule Mwamanyili ingawa hakuelewa kondoo anachinjwa kwa ajili ya nini. Nilitembea mwaka mzima nimenyoosha shingo. Asubuhi moja nikafungua barua pepe nikakuta kiraka kipya cha jirani yangu, kichwa chake kinasema: ondoa kazi iliyorudiwa. Nikashuka chini. Ilikuwa mistari yangu. Yote kumi na tisa, kila mmoja una alama ya kutolewa mbele yake.

Niliingia uani kwake bila hodi wala salamu, jambo ambalo kwetu huku ni karibu sawa na tusi.

"Mwangaluka, Mwalimu," akaanza yeye.

"Mayo, umening'oa!"

"Mwangaluka," akarudia, na ikabidi nimwitikie kwanza. Ndipo akasema, "Sikukung'oa wewe. Kazi yako inafanya kitu ambacho nyingine iliyotangulia inafanya. Iko kwenye faili la jirani. Hukutazama."

"Baba alichinja kondoo!"

"Kondoo mmeshamla. Mstari hauna ukoo, Mwalimu."

Nilimnunia siku kumi na moja. Kila siku alinitumia matobolwa, na kila siku niliyala kwa hasira. Siku ya kumi na mbili nikafungua lile faili la jirani. Kazi ilikuwemo, fupi kuliko yangu na safi zaidi, imekaa pale miaka. Nilijisikia vibaya kiasi kwamba niliona aibu hata mbele ya sahani. Nilikwenda kumwomba radhi, naye akajifanya hakumbuki nilinuna.

Lakini hakuwa mng'oaji wa papara, na sababu yake ilitoka Bukundi. Alipokuwa kijana kazini alipangiwa huko Meatu, na kwenye shamba la mzee mmoja akakuta masalia yote yameng'olewa isipokuwa miti saba katikati, imesimama kwa duara. Mzee akaomba, hii niachie. Yeye akasema sheria haina saba. Mzee akanyamaza. Bibi Shamba akashuka mwenyewe akaing'oa kwa mikono yake, akapanda pikipiki akaondoka ameridhika. Msimu uliofuata maksai wa yule mzee wakiwa na plau walipita katikati ya shamba, na mmoja akatumbukia kwenye kisima cha zamani kilichofunikwa na udongo laini. Alivunjika mguu, ikabidi achinjwe palepale. Ile miti saba ilikuwa alama ya kisima.

"Nikamuuliza, mzee, kwa nini hukuniambia?" Bibi Shamba alinisimulia hili mara nyingi, na kila mara alifika hapa sauti ikishuka. "Akasema, 'Nilidhani unajua. Si unatoka serikalini?'"

Ndivyo tulivyo huku. Mtu akija na faili na pikipiki tunamwachia hata ujuzi wa mashimo yetu. Tangu siku ile hakung'oa kitu, kiwe mti au mstari, bila kwanza kuuliza watu wote wanaoweza kujua, na wakinyamaza aliuliza tena. Viraka vyake vilichukua miezi. Walezi wengine walimsifu kwa subira. Mimi nilijua ni yule maksai.

Somo lake nililolipenda kuliko yote lilikuwa juu ya swali linaloulizwa mara mbili. Ndani ya kiini kuna mahali ambapo msimbo unauliza, kitu hiki kipo? Kisha unafunga mlango ili kazi nyingine isiingie. Kisha unauliza tena, kipo? Mimi nilipoona mara ya kwanza nikasema, mayo, hapa pamerudiwa, tufute la pili. Alinipiga kofi dogo la mkononi.

"Umetazama zizi, ng'ombe wote wamo," alisema. "Ukaenda kuchukua mti wa kufungia lango. Ukirudi unafunga tu? Hutazami tena? Ulipogeuza mgongo ndama katoka." Akachukua kalamu nyekundu, akazungushia lile swali la pili duara, akaandika pembeni kwa herufi kubwa: HAI.

Kwa hiyo mtaelewa nilivyokuwa mwaka huu, mwezi wa kwanza, nilipofungua barua pepe nikakuta kiraka chake kinachofuta swali la pili. Mahali palepale. Maelezo yake yalisema: limerudiwa, halina kazi.

Nilifikiri ananijaribu. Kweli, nilicheka. Nikadhani anataka kuona kama mwanafunzi wake yuko macho. Kisha nikaona amekituma kwa walezi wote, na hakuuliza mtu kabla ya kutuma. Mlezi mmoja wa mbali akamjibu kwa adabu kwamba huenda hapa pana sababu. Nikaandika na mimi, nikasema kiraka kisipokelewe, kama naandika barua ya kumfukuza mzazi. Jioni nilipopita kwake hakulitaja, nami sikulitaja. Nilimwambia binti yake kwamba mama amekosea kidogo kazini. Binti akasema, "Nyumbani pia, Mwalimu. Jana kaweka chumvi kwenye uji mara tatu."

Niliamua kwamba ni uchovu. Mtu akitaka kutojua jambo, sababu hazikosekani.

Mwezi wa pili tukasikia kelele asubuhi nyuma ya nyumba. Nyuma yetu kuna shamba la mwinjilisti, jirani yetu, eka moja ya pamba, na mwaka huu ilikuwa pamba nzuri, imefika kiunoni na imeanza maua. Nilipozunguka ua wa minyaa nikaona nisichokitegemea. Bibi Shamba alikuwa katikati ya shamba, sketi ameifunga magotini, anang'oa. Alikuwa ameshamaliza mistari minne. Miche ilikuwa imelala ardhini yenye majani, yenye maua ya njano na ya waridi, mizizi juu, udongo mbichi bado unadondoka. Aliipanga mafungu mafungu vizuri, tayari kwa kuchomwa. Jasho lilikuwa linamtoka na alionekana mwenye furaha.

"Wavivu hawa," aliniambia aliponiona. "Mwezi wa tisa unakwisha na bado imesimama."

Mwinjilisti alikuja anakimbia, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti nje ya mimbari, akasimama mbele ya mafungu yale. Aliokota mche mmoja. Mdomo wake ulicheza, nikajiandaa kwa matusi au kilio. Akasema taratibu, "Bibi Shamba, hii ilikuwa hai."

Bibi Shamba akaupokea ule mche. Akautazama mzizi, akaukwaruza kwa ukucha kama alivyowafundisha wakulima maisha yake yote, na chini ya gamba pakawa pa kijani na pamelowa. Akakwaruza mwingine. Akakwaruza wa tatu. Kisha akakaa chini kwenye tuta, palepale, na mikono yake ikaanguka mapajani.

"Kweli," akasema. "Iko hai."

Mwinjilisti akachuchumaa karibu naye. "Si kitu, mayo. Tutapandikiza."

"Pamba haipandikizwi ikiwa na maua," Bibi Shamba akasema. "Usinidanganye kwa huruma." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa makavu na makali, yale ninayoyajua. "Mwalimu, kile kiraka cha swali la pili. Ulikiona?"

"Nilikiona, mayo."

"Na hukuniambia."

"Nilidhani unajua," nikasema, na maneno yaliponitoka nikatamani kuyameza.

Yeye akakung'uta udongo mikononi. Alisema, "Kuna wangapi wanaotumia kile kiini?"

"Wengi, mayo. Hawahesabiki."

"Basi niondoe kwenye orodha. Kabla sijang'oa kingine."

Nilichelewa wiki tatu. Nilimwambia mtandao hauko vizuri, bando limekwisha, tuna mitihani ya majaribio. Siku zake njema alinisukuma, na siku zake mbaya alitaka kufungua kompyuta afanye kazi, na binti ilibidi afiche waya. Mwisho, Jumamosi moja, nikaandika kiraka. Kazi yenyewe ni ya mtoto: kuna faili lenye majina ya walezi, unafuta mstari wenye jina lake, unaeleza sababu. Nimewahi kuandika vigumu mara mia. Hiki kilinichukua asubuhi nzima, na nilikichapisha kwenye mgongo wa kipeperushi ili asome.

Alikuwa na siku njema. Alivaa miwani, akachukua kalamu nyekundu, akasoma polepole. Kwenye maelezo nilikuwa nimeandika kwamba anapumzika baada ya miaka mingi ya kazi, kwamba alikuwa mwalimu wangu, na kwamba tunamshukuru.

"Hii ni sababu?" akauliza.

"Ni shukrani, mayo."

"Shukrani si sababu." Akaikata yote kwa mstari mmoja mnyoofu. "Andika kwamba hawezi tena kukagua. Basi." Akaendelea kushuka na kalamu, akasimama. "Na hapa umeacha. Jina langu liko sehemu mbili."

Lilikuwa sehemu mbili. Nilijua. La pili nililiacha makusudi, nikitegemea hataliona, ili mahali fulani ndani ya kiini abaki. Sikuweza kumwangalia usoni. Nikalifuta na hilo mbele ya macho yake, akasoma tena kutoka juu, akaandika chini "Nimekagua" na sahihi yake, na akabonyeza mwenyewe kitufe cha kutuma. Jibu lilikuja kabla ya chakula cha mchana. Mlezi mkuu wa sehemu ile aliandika kwamba amesikitika sana, na kwamba amekipokea. Bibi Shamba alisikiliza nikimsomea, akatikisa kichwa, akala ugali wa mtama na mlenda kwa hamu kubwa.

Nilidhani yamekwisha.

Wiki mbili zilizopita binti yake aliniita. Nilimkuta Bibi Shamba ameketi uani, amevaa viatu vyake vya ofisini vilivyopigwa rangi, mikono imeshikana. Aliniambia nikae. Akaniuliza hali ya nyumbani, ya shule, ya baba kule Mwamanyili.

"Mwalimu," akasema, "nina ombi zito. Nimekuwa nalifikiria siku nyingi, sijui nianzie wapi. Nimeanza kukosea. Nataka uniondoe kwenye orodha ya walezi."

Nilimtazama binti aliyekuwa mlangoni. Akanionyesha vidole vitatu: tangu Jumatatu mama alikuwa ameliomba hilo mara tatu. Kisha akageuka akaingia ndani.

Ningefanya nini? Kumwambia limeshafanyika ni kumpiga habari hiyo upya, na kesho nimpige tena. Nikasema, sawa, mayo, nikaenda nyumbani kwangu, nikachapisha karatasi ileile iliyokwisha kutumwa, ile safi aliyoisahihisha mwenyewe. Nikarudi nayo. Akavaa miwani. Akasoma mstari kwa mstari, kalamu ikitembea, na nikashangaa tena jinsi alivyokuwa makini. Jina la kwanza limetoka, akaweka alama. La pili limetoka, akaweka alama. Akasoma maelezo: hawezi tena kukagua. Alama.

Lakini hakutia sahihi. Alirudi juu, akasoma tena, akageuza karatasi upande wa funza, akairudisha. Niliona kuna kitu anakitafuta.

"Nimekosea wapi, mayo?"

"Hujakosea." Akavua miwani. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo. "Ila miaka yote hii, Mwalimu. Hukuona hata neno moja la kuniambia ahsante?"

Nilitaka kumwambia, mayo, niliandika, ukakata kwa mkono wako, mstari mmoja mnyoofu, karatasi ninayo nyumbani. Badala yake nikanyoosha mkono nikaomba kalamu nyekundu, naye akanipa. Chini ya maelezo yale, kwa mwandiko wangu mbaya, nikaandika: Wabeja, mayo. Ulinifundisha kusoma. Nikamrudishia.

Alisoma muda mrefu kuliko alivyosoma kiraka chenyewe. Kisha akaweka kidole juu ya maneno yale, akaniuliza kama nina hakika kila moja lina kazi.

Nikamwambia yote yana kazi. Akatia sahihi.